Giaboksi ya Nne

Akina mama wengi wanaotusoma wamewahi kuombwa pesa na vijana wao kwa jambo ambalo hawakulifahamu hata neno moja. Mama hutajiwa jina la Kizungu, huonyeshwa picha katika simu, na huapiwa kwamba nafasi hii ikipita haitarudi tena. Aghalabu huona ana njia mbili tu, ama aamini ama akatae. Sisi twaona iko njia ya tatu, nayo ni kuuliza mpaka aelewe, hata kama jambo lenyewe lina mafuta meusi na harufu ya gereji. Wiki hii tutaeleza yale tuliyoyauliza kwa niaba ya dada yetu mdogo, kuhusu giaboksi.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998. Marehemu shemeji yetu alilinunua mwaka 2005 lilipoteremshwa bandarini Mombasa kutoka Japani, likiwa lingali chini ya ile miaka 8 ambayo Kenya huruhusu kwa magari kuukuu yanayoingizwa nchini. Wanaume wa rika letu hawahitaji kuelezwa kwa nini alilipenda. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000, na Patrick Njiru wa hapa kwetu alikwisha kulifanya jina la Subaru lijulikane na watoto wasiokuwa na gari nyumbani. Shemeji alipofariki, warithi waliafikiana kwamba gari libaki kwa kijana mkubwa, na thamani yake ikahesabiwa katika fungu lake. Hilo lilikwisha kwa salama. Lililokuwa halijesha ni giaboksi.

Giaboksi iliyokuja na gari ilivunjika. Kijana akafunga nyingine ya mtumba, nayo ikavunjika. Akafunga ya tatu. Hii ya tatu iliharibika dada yetu akiwa ndani, wakitoka Kilifi, viti vya nyuma vimejaa masinia na masufuria ya harusi, kwani yeye hupata riziki yake kwa kupikia watu. Kulisikika kishindo kimoja, kisha mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Gia ya tatu ilikuwa imemeguka meno. Walifika nyumbani polepole kwa gia zilizosalia, na fundi alipoifungua giaboksi akawaonyesha vipande vya chuma vilivyokuwa vikielea katika oili. Kipande kimoja kingenaswa baina ya gia mbili, alisema, basi magurudumu yangeweza kukwama ghafla gari likiwa mbioni.

Siku chache baadaye kijana alimjia mama yake na ombi. Hataki tena giaboksi ya gia tano. Ataka ya gia sita, iliyotoka katika Impreza STI, na iko moja Sharjah kwenye soko la vipuri vya mtumba, ambako jamaa yetu mmoja afanya kazi. Pesa alizokuwa nazo zilifika nusu tu. Nusu ya pili alitaka kuikopa katika akiba ya mama yake, na akiba ile ilikuwa karo ya bintiye, aliyetarajia kuanza chuo mwezi wa Septemba.

Dada yetu alitupigia simu usiku. "Kaka," alisema, "mimi sijui gia sita wala gia tano. Nambie tu kama naibiwa."

Tulikwenda gereji. Fundi ni mzee wa makamo, mtaratibu, asiyependa kuharakishwa, na tulipomwambia kwamba tumekuja kufahamishwa tangu mwanzo, alivuta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kanzu yake ya kazi, akatuketisha mbele ya ile giaboksi iliyovunjika.

Giaboksi, kwa wale ambao hawajapata kuiona wazi, ni kasha la chuma chepesi lenye mihimili miwili ndani yake, na juu ya mihimili hiyo kuna magurudumu ya meno ya ukubwa mbalimbali. Injini hupenda kuzunguka upesi, magurudumu ya gari hutaka kuzunguka kwa mwendo wao, na giaboksi ndiyo mkalimani baina yao. Meno yale hayakukatwa wima, bali kwa mshazari, ili yasipige kelele. Lakini meno ya mshazari yanaposukumana hutaka kuachana. Huisukuma mihimili kando, na mihimili huisukuma kuta za kasha. Kasha likiwa dhaifu hupinda, pengine kwa unene wa unywele tu, na hapo meno hukutana kwa ncha badala ya kukutana kwa upana wake. Ncha haina nguvu. Humeguka.

Giaboksi ya gia tano ya Subaru, alituambia fundi, ni ya ukoo ule ule wa zile zilizokuwa zikifungwa katika magari ya kawaida ya familia yasiyo na tabo. Gia zake ni nyembamba. Nayo injini ya WRX ile, ya lita 2 yenye tabo, yatangazwa kuwa na nguvu za farasi 280. (Wakati ule watengenezaji wa Japani walikuwa na mapatano ya kutotangaza zaidi ya 280, kwa hiyo namba hiyo yapasa kupokewa kwa tahadhari.) Mwaka 2000 Subaru ilipoanza kuifungia Impreza STI giaboksi ya gia sita, haikuongeza gia moja tu. Ililibadilisha umbo zima: gia pana zaidi, mihimili minene zaidi, kasha gumu zaidi. Ndiyo maana ni nzito, na ndiyo maana wenye Impreza za zamani duniani kote huitafuta.

Tulimwuliza swali ambalo dada yetu alikuwa ametupa. Kwani kijana hawezi kuendesha polepole?

Fundi alicheka, kisha akasema kwamba swali hilo ni zuri kuliko la kijana. Giaboksi ile haivunjwi na mwendo wa kasi. Huvunjwa na mshtuko. Gari lenye nguvu za magurudumu manne likiwa juu ya lami kavu halitelezi. Dereva akiinyanyua klachi ghafla, magurudumu hukamata ardhi yote mara moja, na nguvu isiyopata pa kutokea huishia kwenye meno. Juu ya mchanga au murramu magurudumu yangeteleza kidogo na gia zingepona. Tena kijana, baada ya kuvunja ya pili, alikuwa amefunga klachi ngumu ya mashindano akidhani anaimarisha gari. Hilo ndilo lililoiua ya tatu. Klachi ya kawaida ikilemewa huteleza kidogo, ikaungua yenyewe na kuiokoa giaboksi, kama fyuzi inavyoungua ili nyumba isiungue. Yeye aliiondoa fyuzi akaweka msumari.

Basi jawabu la kwanza la dada yetu lilikuwa hili: kijana mwenye mguu mpole na klachi ya kawaida angeweza kuishi na giaboksi ya gia tano kwa miaka mingi. Kwa mtu anayelitaka gari la kwendea kazini, hiyo ndiyo njia ya busara, na tulimwambia mpwa wetu hivyo waziwazi. Hakubisha. Alisema, "Mjomba, nitakuwa mpole. Lakini hii ya nne ikiwa ya mtumba tena, sitajua aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa mpole au la." Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Giaboksi dhaifu ya mtumba yaweza kufika ikiwa imekwisha kuchoka, na fundi hana njia ya kuuona uchovu wa chuma kwa macho. Tulijumlisha kwenye karatasi gharama ya zile zote zilizokwisha kufungwa, pamoja na ufundi na oili na siku za kazi zilizopotea, tukaona zimekaribia bei ya ile ya gia sita.

Ilikuwapo njia ya kati, ya kununua gia mpya ngumu na kuzipanga ndani ya kasha lile lile la zamani. Fundi hakuipenda. Gia zingekuwa imara, na kasha lingebaki kupinda.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kijana hakumweleza mama yake, kwa sababu naye alilijua nusu nusu. Alisema "giaboksi", na mama akasikia kitu kimoja. Fundi alichukua kalamu akaandika, na orodha ile ikajaza upande mzima wa karatasi. Giaboksi ya gia sita hutumia klachi na flaiwili yake yenyewe, pana kuliko ile ya zamani. Ni ndefu zaidi, kwa hiyo shafti ndefu ya kati iendayo nyuma haitoshi tena, yatakiwa fupi. Braketi inayoishikilia chini ya gari ni nyingine. Vyuma vinavyounganisha mkono wa gia navyo ni vingine. Spidomita katika magari mengi ya kale huzungushwa kwa waya utokao ndani ya giaboksi, na hii mpya haina mahali pa waya huo. Hutaka kihisi cha umeme na ufundi wa kuisomesha. Halafu difu ya nyuma, shafti zake mbili, na vikombe vya magurudumu vinavyozipokea.

Hapo kwenye difu tulikaa saa nzima, na twamwomba msomaji naye akae nasi kidogo.

Difu ni kasha la gia lililo baina ya magurudumu mawili, na gari la nguvu za magurudumu manne lina mbili, ya mbele na ya nyuma. Katika Subaru difu ya mbele imo ndani ya tumbo la giaboksi yenyewe, hata oili yake ni moja. Ukibadilisha giaboksi, umebadilisha na difu ya mbele, utake usitake. Kila difu ina namba yake: shafti izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Difu ya nyuma ya gari letu ilikuwa 4.444. Giaboksi ya Sharjah ilikuwa 3.9. Ukizifunga pamoja, mbele yataka kwenda mwendo mmoja na nyuma mwendo mwingine, ilhali barabara ni moja. Mfano wake ni watu wawili wanaoteremsha kabati ngazini, mmoja akikaza mwendo na mwingine akienda taratibu: ama mmoja ataanguka, ama kabati litavunjika. Ndani ya gari, kinachovunjika ni difu ya kati, ile inayosuluhisha baina ya mbele na nyuma. Huchemka mpaka ikafa, na huenda ikaifisha giaboksi mpya pamoja nayo.

Tulipoelewa hayo, tulimwambia dada yetu kwamba haibiwi, lakini ombi aliloletewa halikuwa kamili. Gharama halisi ilikuwa karibu mara mbili ya ile aliyotajiwa. Tuliketi sote watatu kwake baada ya Isha. Kijana aliona haya, na hatukutaka kumzidishia. Mama yake aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, kwa nini asiliuze gari. Kijana akajibu kwamba gari lisilokwenda hununuliwa kwa bei ya vyuma, na wanunuzi wawili walikwisha kuja wakataja bei iliyomtoa machozi. La pili, je, breki? Hili la pili sisi wenyewe hatukuwa tumelifikiria. Mama akasema hatatoa hata shilingi moja kwa ajili ya kitu cha kukimbilia kabla hajaona risiti ya kitu cha kusimamia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyopangwa. Breki zote nne na matairi kwanza, kwa pesa za kijana mwenyewe. Karo ya binti ikalipwa chuoni siku ile ile, yote, kabla ya kuzungumza mkopo. Kilichobaki katika akiba kilikuwa kidogo, na hicho ndicho alichokopeshwa, kwa maandishi, kwa tarehe, na mashahidi wawili. Upungufu uliosalia aliufidia kwa kuiuza ile klachi ya mashindano, na kwa kukaa miezi mitatu akipanda matatu. Sharti la mwisho lilitoka kwa fundi: kila kilichomo katika orodha kifike gereji kwanza, ndipo gari litafunguliwa.

Shehena ilifika. Giaboksi ilikuwa nzuri, haina ufa, mihimili haichezi. Ilikuwa ya aina sahili, isiyo na ile swichi ya kurekebisha difu ya kati kutoka kwenye kiti cha dereva, na fundi akashukuru, kwani hiyo ingetaka kompyuta yake. Mwuzaji alikuwa ametuma pia difu ya nyuma, akaandika kwamba vyote viwili vyaendana. Kijana alitaka kazi ianze jioni ile ile.

Fundi aliiweka difu mezani. Alichora mstari wa chaki kwenye kikombe kinachopokea shafti ndefu, na mwingine kwenye matokeo ya magurudumu, akazishika pande mbili ziende pamoja, akamwambia kijana azungushe kwa mkono na kuhesabu kwa sauti. Difu ya 3.9 ikizungushwa mara 39, gurudumu huzunguka mara 10. Kijana alihesabu mpaka 39. Mstari wa magurudumu ulikuwa umepita mara 11.

Walirudia, na ikawa 11 tena. Hiyo ni 3.545.

Hapa pana mtego ambao sisi, tuliozoea kugawanya mirathi kwa visehemu, tuliufurahia ingawa haukuwa wakati wa furaha. Ziko giaboksi za Subaru ambazo zina jozi ya gia ndogo upande wa nyuma, yenye uwiano wa 1.1. Kwa giaboksi kama hiyo, 3.9 mbele na 3.545 nyuma ni sawasawa kabisa, maana 3.545 mara 1.1 ni 3.9. Mwuzaji hakuwa amebuni. Difu aliyoituma ilikuwa sahihi kwa giaboksi nyingine. Yetu haikuwa na jozi hiyo. Fundi alisoma herufi zilizobandikwa juu ya kasha, kisha akaizungusha kwa mkono kuhakikisha. Nyuma ingetangulia mbele kwa sehemu moja katika kila kumi.

Kijana alisema waifunge tu, difu sahihi itatafutwa baadaye, naye ataendesha karibu karibu. Fundi hakuinua sauti. Alikunja kitambaa chake akasema, "Mwanangu, giaboksi ya tano utaitafutia gereji nyingine." Kisha akaenda kunawa kwa ajili ya Magharibi.

Difu ya 3.9 ilichukua wiki sita kupatikana. Mwuzaji wa kwanza alikataa kurudisha pesa; tulibishana naye kwa simu hadi akakubali kuikata bei ya ile iliyokosewa katika bei ya ile sahihi, na hilo tuliliona ni nafuu. Wiki hizo sita gari lilikaa juu ya magogo, na wapitaji wote wa mtaa wakatoa ushauri.

Kufunga kulichukua siku nne, na hatutawachosha kwa kila bolti. Injini ya Subaru imelala mbele na giaboksi ipo nyuma yake, kwa hiyo kasha hushushwa kwa chini. Vijana watatu walilala chali na jeki moja. Klachi iliyofungwa ilikuwa ya kawaida, ile iliyokusudiwa na kiwanda kwa giaboksi hiyo. Kijana aliinunua mwenyewe bila ya kuambiwa.

Tulipanda naye siku ya kwanza, kutoka Mombasa hadi mlima wa Mazeras na kurudi. Sisi si wajuzi, lakini tofauti tuliihisi. Mkono wa gia wa zamani ulikuwa ukitafutwatafutwa. Huu waingia kwa mwendo mfupi na mgumu, kama komeo la mlango wa kale. Ili kurudi nyuma hulazimu kuinua pete ndogo iliyo chini ya kitufe cha mkono wa gia, jambo ambalo lilimsahaulisha kijana mara mbili mbele ya malori. Katika gia ya sita, injini huzunguka pole kuliko ilivyokuwa katika ya tano ya zamani, na kelele imepungua kiasi cha watu kuweza kuzungumza. Sauti moja mpya imezidi, mvumo mdogo kutoka nyuma, ambao fundi asema ni wa difu kubwa na si ugonjwa.

Malipo ya deni yamebaki miezi miwili. Binti yuko chuoni.

Kilomita 1,000 zilipotimia, fundi aliimwaga oili ya kwanza na akamwita dada yetu aje aone kwa macho yake. Kizibo cha chini cha giaboksi kina sumaku, inayokusanya chochote kinachotoka katika gia. Mara ya mwisho alipoonyeshwa kizibo cha namna hiyo kilikuwa na vipande vya meno. Safari hii kilikuwa na utando wa unga mweusi tu, laini, kama masizi. Aliuchukua kidogo kwa kidole, akausugua baina ya vidole viwili vile apimavyo unga wa ngano dukani, na akamwuliza fundi kama ndio wote.